Unga Mweusi wa Nasteho Dekow

Ukikutana na Nasteho Dekow pale soko la Suqmugdi, nakuomba usimwambie mtu kwamba anatengeneza betri. Watu wa Garissa hawana subira na neno hilo. Nimewaona kwa macho yangu wakimfuata hadi mlangoni, huyu kaleta simu inayozima kila ikifika adhuhuri, yule kaleta redio ya marehemu babake, na wote wanataka zifufuke kabla ya swala. Mimi ningewatimua. Yeye alikuwa akipangusa mikono na kuwaeleza polepole kwamba yeye si fundi wa simu, anatafuta unga wa kutiwa ndani ya betri ambazo bado haziuzwi popote. Wakaondoka wakisema binti Lul amesoma mpaka ameota maringo. Asante ya punda, wanasema, ni mateke.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini. Jina la chuo silitaji, bado nakula mkate wake. Ni Mpokomo wa Hola, nimekaa Garissa mpaka Kisomali nakisikia kuliko wenyewe wanavyodhani, na masikio hayo yamenipa kuyajua mengi ambayo sikuambiwa. Nasteho alipokuja kwetu kusomea shahada ya juu ya kemia, mimi ndiye niliyempa koti jeupe na ufunguo wa chumba. Tangu hapo ananiita abaayo, dada. Mama yake, Mama Lul, ambaye Lul ni jina lake mwenyewe, ananiita Bokomo, maana herufi P haijawahi kumkaa mdomoni. Nimezoea. Siku asiponiita hivyo naona kuna jambo.

Kwao ni Eldas, upande wa Wajir. Walikuwa na ngamia, si wa kuimbiwa lakini wa kutosha nyumba. Na walikuwa na mtoto wa kiume, Yahye, mdogo wake Nasteho. Surua ilipoingia Eldas, Mama Lul alimfunga mtoto mgongoni akampeleka zahanati mapema, kabla hajaugua, kama walivyokuwa wametangaziwa. Nesi akafungua friji ya chanjo akakuta joto tupu. Sola ilikuwa juu ya paa inang'aa, lakini betri ya kushika umeme wa usiku ilikuwa imekufa zamani, na mpya ilikuwa ghali, ikingojwa kutoka makao makuu. Mama akaambiwa arudi siku nyingine. Surua haikungoja siku nyingine.

Halafu ukaja ukame. Ngamia wakaanguka mmoja mmoja, na mzee Dekow hakukaa sana baada yao. Mama Lul akamchukua binti aliyebaki akaja naye Garissa, akaanza kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine, yeye aliyekuwa na ngamia wake. Msichana akawekwa shule. Hakuwa na akili za ajabu, wala nisikudanganye; alikuwa na kiburi cha kimya, kile cha mtu ambaye hajasahau. Aliwahi kuniambia kwamba kila akifunga macho huiona ile friji ikiwa wazi, na nesi amesimama kando yake.

Sasa nikueleze unga wenyewe, nami nitaueleza kama nilivyouelewa mimi. Betri ya lithiamu ina upande wake chanya, na upande huo ndio unaoamua betri ina nguvu kiasi gani na itauzwa bei gani. Humo mna oksidi za metali zilizopangika tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa dukani, na lithiamu huingia na kutoka katikati ya mikeka kila unapochaji na kutumia. Ili mikeka isiporomoke watu hutumia kobalti na nikeli, nazo ni metali ghali, na kobalti huchimbwa kwa taabu za watu. Nasteho alifuata njia nyingine. Unga wake ulikuwa na umbo la chumvi ya mawe, ila hauna mpangilio: lithiamu, manganisi na titani zimechanganyikana ovyo, kila moja imekaa ilipopata nafasi. Manganisi ni rahisi na ipo tele. Zamani wataalamu walidhani vurugu ya namna hiyo haifai kitu, lithiamu itakwama humo ndani. Baadaye ikagunduliwa kwamba ukiizidisha lithiamu kuliko hizo nyingine, vipenyo huungana toka upande huu hadi ule, nayo hupita. Mimi nilikuja kuelewa siku tulipokwenda soko la mifugo. Hakuna foleni pale, ngamia na mbuzi na madalali wamesongamana kila mahali, na bado muuza chai anapita na birika lake bila kumwaga.

Kasoro ya unga huo ni kwamba huchoka. Ukiuchaji mara nyingi, oksijeni yake huanza kutoroka na nguvu zinapungua. Nasteho alitia florini humo, akapunguza hiki, akaongeza kile, akaharibu, akaanza upya. Kazi yenyewe ilikuwa ya kinu: unatia malighafi kwenye chungu cha chuma pamoja na gololi ngumu, unakifunga ndani ya gesi ya agoni isiyo na hewa wala unyevu, kisha kinu kinazunguka mchana kutwa na usiku kucha mpaka vitu vyote visahau vilikotoka. Umeme ukikatika katikati, unaomba Mungu. Mimi nilipiga kelele na watu wa stima mpaka wakaijua sauti yangu. Mwishowe zikapatikana betri ndogo za ukubwa wa kitufe cha koti, na zile betri zikakataa kuchoka. Tulizichaji na kuzimaliza, tukazichaji tena, zikawa vilevile. Nasteho hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alikaa kwenye stuli akalia, nami nikamwacha alie.

Lakini ng'ambo nani ataamini vitufe vya Garissa? Ili waamini, unga ulipaswa kuingizwa kwenye mashine kubwa ya miale iliyoko huko kwao, ionyeshe kwamba kweli oksijeni imetulia mahali pake. Mashine hiyo ina zamu, na watu wa dunia nzima wanaigombania. Aliomba akakataliwa, akaomba tena akapewa zamu moja. Chuo nacho kilikuwa kimemwongezea muda mpaka kikachoka. Muhula ukiisha bila vipimo hivyo, jina lake linafutwa, na kazi yote inabaki kuwa porojo za wanawake wawili chumbani. Na unga ulikuwa ni ule ule tu. Chungu cha kinu kilikuwa kimepasuka katika usagaji ule wa mwisho, lithiamu ilikuwa imeisha, na kuagiza vingine kulihitaji miezi ambayo hatukuwa nayo. Unga mweusi kama masizi, wa kujaa kikombe cha kahawa, ndio uliokuwa maisha ya mtu.

Ndipo mvua zikaja. Wewe unazikumbuka. Mto Tana ukatoka kitandani mwake, barabara ya Madogo, njia yetu ya kwenda Nairobi, ikamezwa, na Garissa ikawa kisiwa. Malori yakakwama ng'ambo ile, na gesi yetu ya agoni ikiwa juu ya mojawapo. Umeme ukaenda. Paa la maabara likaanza kuvuja juu ya lile sanduku la glavu, lililozibwa na kujazwa agoni, unalotia mikono kwa glavu zake, tulimouhifadhi unga, na gesi iliyobaki ndani ikawa inapungua saa kwa saa. Hewa ya Garissa, ambayo mwaka mzima hukausha nguo kabla hujamaliza kuanika, siku zile ilikuwa mbichi mpaka chumvi ilikuwa inatota mezani. Na adui ya unga ule ni unyevu huo huo. Ukiguswa na hewa yenye unyevu, lithiamu inatoka juu, inaungana na hewa, na unapata gamba jeupe lisilofaa hata kupaka ukuta.

Nasteho akaamua. Alihamisha unga kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kizito wakati gesi ya mwisho ingali ndani ya sanduku, akaitia chupa kwenye ndoo yenye vidonge vya kunyonya unyevu, akaizungushia ndoo utepe wa plastiki. Kulikuwa na maabara Nairobi ambayo sanduku lake lilikuwa zima. Walikubali kuupokea, kuugawa kwenye vibomba vidogo na kuusafirisha. Kazi yetu ilikuwa kuuvusha mto tu. Aliipeleka ndoo nyumbani kwao Bulla Iftin kwa sababu vile vidonge vikishiba unyevu hukaangwa jikoni vikakauka upya, na nyumbani kulikuwa na makaa. Chuoni hakukuwa na hata kiberiti kikavu.

Mama Lul alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na vyombo vyake vya maziwa vimepangwa ukutani. Maziwa yalikuwa hayaji, wafugaji wamekwama, lakini alivifukiza vile vile kila asubuhi, asije akazoea uvivu. Kama hujui, maziwa ya ngamia hayatiwi kwenye chombo kitupu hivi hivi. Chombo kinaoshwa kwa maji ya moto, kinakaushwa, kisha kijiti cha mgunga kilichoshika moto kinaingizwa ndani, kinatikiswa, kinafunikwa, moshi unakaa. Maziwa yakitiwa humo yanasafiri kutoka malishoni hadi mjini na hayachachi. Mama Lul alijulikana kwa hilo. Wanawake waliouza kando yake walifunga biashara mapema maziwa yakikataa, yeye yake yalimngoja mnunuzi wa mwisho.

Akamwuliza binti yake nini hicho anachokilinda kama yai. Nasteho alikuwa amechoka. Alikuwa hajalala vizuri tangu mvua ya kwanza, na kumweleza mama habari za lithiamu kwa Kisomali ni safari nyingine. Nilikuwapo, nilisikia alivyosema, akimwita hooyo, yaani mama.

“Ndiyo kazi yangu yote, hooyo. Unyevu ukiingia inaharibika. Ni kama maziwa.”

Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema sasa ameelewa, na kwamba miaka yote hii angeambiwa hivyo tangu mwanzo angeelewa. Nasteho akatabasamu, mara ya kwanza tangu mafuriko. Tukatoka wawili kwenda mtoni kutafuta nafasi ya boti, maana kila mtu Garissa siku ile alitaka kuvuka, wagonjwa, wafanyabiashara, wanafunzi, na wenye boti walikuwa wamevimba vichwa. Tulishinda huko. Nilimtukana nahodha mmoja mpaka akacheka, na kwa kucheka kwake akatupa nafasi ya kesho asubuhi.

Asubuhi nilimpitia Nasteho nyumbani tuchukue ndoo, ikiwa imefungwa vizuri na utepe wake. Mama Lul akasema atatusindikiza. Alivaa guntiino yake nzuri, ile ya harusi za watu, akaibeba ndoo mwenyewe hadi ukingoni, akikataa kabisa tumpokee. Watu walikuwa wengi, nahodha anaita majina, maji ya rangi ya chai yanapiga lami pale magari yalipokuwa yakipita. Akamkabidhi binti yake ile ndoo, akamshika mabega. Mama wa Kisomali humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye.

“Nenda kwa amani, hooyo. Nimeifukiza vizuri. Haitaoza hata ikifika mwisho wa dunia.”

Nasteho akamwuliza nini. Mama, kwa furaha, akamweleza yote. Jana sisi tulipotoka alifungua ndoo, akakuta kumbe mtoto amefunga safari na chombo ambacho hakijafukizwa hata mara moja. Akaona haya kwa niaba yake. Akaumwaga unga kwenye sinia safi, taratibu, hakupoteza hata chembe. Akaiosha chupa kwa maji ya moto, akaipangusa, akaitia moshi wa mgunga mara mbili, kama afanyavyo kwa maziwa ya safari ndefu. Akaurudisha unga kwa kutumia unyoya, akafunika, akazungusha utepe uliobaki. Alisema unga ule ulikaa kwenye sinia pale uani, kwenye upepo mzuri wa mvua, mpaka chupa ikawa tayari.

Jamani, mimi sikuwa na mahali pa kutazama. Nilitazama maji. Nilisikia utepe ukibanduliwa, kisha harufu ikanifikia na mimi, harufu tamu ya mgunga ambayo kila siku huniambia kwamba chai ya maziwa iko karibu. Nikamgeukia Nasteho. Uso wake ulikuwa umekauka. Nilidhani atapiga kelele, na Mungu anisamehe, nilitaka apige.

“Umefanya vizuri, hooyo,” akasema. Akambusu mkono, akapanda boti.

Humo ndani alikaa na ndoo mapajani, akilia bila kutoa sauti, na abiria wakamwambia dada usiogope, boti hii ni salama. Nilimwambia labda umepona. Nilisema labda ni juu tu, labda ndani bado ni mzima, nilisema maneno mengi ya kijinga kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Yeye alijua. Toka Madogo hadi Mwingi, toka Mwingi hadi Nairobi, hakuiweka ile ndoo chini, na hakuzungumza ila mara moja, aliponiuliza kama nimeona alivyovaa mama.

Nairobi alikuwapo Salah, kijana wa Mandera aliyesoma na Nasteho, ndiye mwenye kuendesha lile sanduku zima. Alichukua unga kidogo akaupima kwa mwanga. Gamba lilikuwapo, tena nene, na si juu tu. Alitengeneza kitufe kimoja cha kujaribu, kikachajiwa, kikafa mapema kama mshumaa wenye maji. Akapima tena, kwa sababu alimpenda kama dada, na jibu likawa lile lile. La kuvunda halina ubani.

Salah akatoa shauri ambalo wengi wangelitoa. Alisema wapeleke tu. Zamu ipo, unga upo, mashine itatoa vipimo vya aina fulani, na Nasteho atakuwa na kitu cha kuweka mezani chuo kikidai. Vikitoka vibaya, vibaya vipo kila siku katika sayansi. Nani atajua habari za sinia na unyoya? Mimi, niseme ukweli, niliona ni shauri jema. Nilimsukuma kwa kiwiko akubali.

“Nikiupeleka huu,” akasema Nasteho, “nitakuwa nimeuambia ulimwengu kwamba vurugu ile haifai. Watauacha. Na si kweli, unafaa.”

Akawaandikia wenye mashine kwamba unga umeharibika njiani, asiseme nani wala vipi. Wakamjibu kwa adabu kwamba wanasikitika, na zamu wakampa mwingine. Ningeweza kukuambia nilivyokasirika, lakini hasira yangu haikuwa na wa kumwangukia. Nimkasirikie nani? Mto? Mama wa watu aliyefanya kwa mikono miwili jambo bora kuliko yote anayoyajua?

Tulirudi maji yalipopungua. Nasteho akamwambia mama kwamba boti ilirusha maji, yakaingia ndooni. Mama akalaani boti, akalaani nahodha, akasema angejua angeifukiza mara tatu. Binti akaitikia. Nilikaa pale nikikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Lakini Mama Lul hakuzaliwa jana. Mtu aliyenunua na kuuza mbele ya wanawake wa sokoni anaujua uso unaoficha kitu. Akanivizia siku moja nikipita Suqmugdi, akanikalisha nyuma ya mitungi yake, akaniuliza kwa Kiswahili, ili wenzake wasisikie, kama moshi ni dawa ama ni sumu kwa ile kitu ya Nasteho. Nilifungua mdomo nimdanganye. Nina ulimi mrefu, kila mtu anajua, nimeshawadanganya mapolisi wa barabarani. Siku hiyo uongo haukutoka. Akanitazama, akachukua kimya changu kuwa jibu, akaanza kukunja leso yake mdogo mdogo. Hakuniita Bokomo wakati wa kuagana.

Toka siku hiyo, mama akawa anauza maziwa bila kusema na mtu. Nasteho hakujua kwamba anajua, naye mama hakumwambia. Waliishi hivyo nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mimi katikati nikipeleka salamu na kurudisha. Usiku na mchana Nasteho alikuwa akitafuta mtu wa kumwazima chungu cha kinu, lithiamu, gesi, zamu, chochote. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Aliandika kwa watu ambao hata hakuwajua majina. Wengine walijibu kwamba kazi yake ni nzuri sana, na hapo hapo wakaishia. Kwa chuo aliomba muda, akaambiwa sheria ni sheria. Aliniambia siku moja, akiwa ameshika glavu za lile sanduku lililokufa, kwamba asingejali jina lake kama angejua kuna mwingine mahali fulani anayeusaga unga huo huo. Lakini hakumjua mtu huyo.

Muhula ukaisha. Mkuu wa idara yetu ni mtu wa bara, si mbaya, ni mtu wa karatasi. Asubuhi ile nilipofika kazini nilimkuta Mama Lul amesimama nje ya mlango wake, amevaa ile guntiino nzuri. Walinzi wakaniambia alikuja lango lilipofunguliwa, hataki kiti, hataki maji. Nikamtumia Nasteho ujumbe aje haraka. Mkuu alipofika alidhani ni mama anayefuatilia karo, akamkaribisha ndani, nami nikaingia nyuma yao bila kukaribishwa.

Mama Lul hakukaa. Nasteho naye alikuwa amefika, anahema mlangoni, akamwita kwa Kisomali waende nyumbani. Mama hakugeuka. Alizungumza na mkuu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kuuzia maziwa, hana kingine.

“Brofesa, mimi ndio naharibu ile kitu. Huyu msichana hana makosa, anaficha tu. Toa jina yake, andika jina yangu.”

Mkuu alinitazama mimi nimsaidie, nami sikumsaidia. Akavua miwani. Akamwambia kwa upole kwamba anaona uchungu wake, kwamba hakuna aliyesema ni kosa la mtu, ila muda umekwisha.

“Mama, wewe si mwanafunzi hapa,” akasema. “Hakuna mahali pa kukuandika.”

Nasteho alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amesikia neno lile, naharibu, na kwamba kila alichokificha tangu ukingo wa mto kilikuwa kimekwisha kujulikana. Mama Lul akauliza karatasi yenyewe iko wapi. Mkuu akamwonyesha ile iliyokuwa mezani, yenye majina ya wanafunzi wa shahada za juu. Mama hajui kusoma. Akamwomba amwonyeshe jina la mtoto wake ni lipi. Akaonyeshwa kwa ncha ya kalamu. Mama Lul akaweka kiganja chake juu ya jina hilo, akakiacha hapo.

Tulikaa hivyo wote wanne. Nje wanafunzi walikuwa wakipita wakicheka, mtu akapiga honi ya tuktuk langoni. Mkuu hakuthubutu kuuondoa mkono ule, wala mimi, na Nasteho ndiye aliyekuja mwishowe akaunyanyua kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya mtu na mtoto aliyelala ameshika nguo yake. Wakatoka wameshikana, bila kuaga.

Mkuu alingoja mpaka wakafika langoni. Kisha akapiga mstari juu ya jina lile, akaikunja ile karatasi, akanipa mimi niipeleke ofisi kuu.